Masanduku 50 yamejaa na kiwanda kina njaa: stoo ya Factorio inapangwaje?

Swali: "Kaka shikamoo. Niko Tabora, Isevya, nacheza Factorio 2.0, lile gemu la kujenga kiwanda, ile ya kawaida bila nyongeza ya Space Age, ndo nimeanza sayansi ya bluu (zile chupa za utafiti). Nina masanduku ya chuma kama 50 nimeyapanga pembeni ya mabelti, 6 yamejaa gia tupu, mengine waya wa shaba, mengine saketi za kijani, mengine mchanganyiko hata sijui kuna nini. Nikitaka kujenga nazunguka tu natafuta belti, halafu pleti za chuma hazitoshi kabisa. Binamu yangu anacheza Satisfactory, gemu jingine la viwanda, ana ghala la ghorofa, kila kontena na kitu chake, nataka na mimi nijenge kama lile. Au unanishaurije? Laptop yangu ni RAM 8."

Marahaba mdogo wangu. Ghala la ghorofa acha kwanza. Sio kwamba ni baya, ila halitatibu unachoumwa, utamaliza wikiendi nzima unapanga na ukimaliza pleti bado hazitoshi. Shida yako wewe sio mpangilio, shida ni kwamba humo kiwandani hamna kitu hata kimoja kinachoiambia mashine "basi, imetosha". Asembla ya gia (mashine ya kuunda vitu) inatengeneza, mkono wa njano (kile kimashine cha kuhamisha vitu) unatoa unaweka sandukuni, sanduku linapokea tu mpaka lijae juu kabisa, likijaa wewe unaongeza lingine pembeni unaona umeweka akiba. Hizo pleti unazozitafuta hazijapotea popote, zimo humo humo kwenye masanduku, zimeshageuka gia.

Hebu tupige hesabu kidogo maana hapa ndo watu wengi wanastuka. Sanduku la chuma lina nafasi 32, gia zinakaa 100 kwa kila nafasi, kwa hiyo sanduku moja lililojaa ni gia 3,200. Gia moja inakula pleti 2, manake sanduku moja limemeza pleti 6,400. Unayo 6, hizo ni pleti 38,400. Belti ya njano ikiwa imejaa pande zote mbili inapitisha vitu 15 kwa sekunde, sasa gawanya mwenyewe, utaona ni kama dakika 43 za belti nzima ya chuma iliyojaa bila pengo, imeingia kwenye gia ambazo hamna mtu aliyeziomba. Sayansi nyekundu moja inataka gia 1 tu, belti 2 za njano zinataka gia 1, kwa hiyo gia 19,200 zitakukalia muda mrefu sana kabla hujazimaliza. Na waya ndo kabisa, hapo sitaki hata kuhesabu, waya haukutakiwa kuliona sanduku tangu siku ya kwanza, nitarudi hapo.

Mimi mchana kazi yangu ni stoo, spea za injini za boti huku Kigoma, kwa hiyo labda ndo maana hili linanikera kuliko linavyomkera mtu mwingine. Stoo yoyote inayoendeshwa vizuri kila kitu kina kadi yake, na kwenye kadi kuna namba mbili, kikifika hapa chini agiza, kikifika hapa juu acha kuagiza. Plagi unaweka nyingi kwa sababu zinatoka kila siku, kranki unaweka moja, au huweki kabisa unaagiza mteja akija. Hela iliyolala kwenye rafu ni hela ambayo huwezi kununulia kitu kingine, ndo hivyo hivyo gia zako. Stoo yako ya Factorio ina rafu nyingi ila haina kadi hata moja.

Sasa kwa nini binamu yako ghala lake linafanya kazi? Hili ni muhimu kwa sababu watu wanaangalia video za mchezo mmoja wanaenda kujenga kwenye mchezo mwingine. Satisfactory ukitaka kusimamisha mashine haukai na mashine mfukoni, unakaa na vipande, pleti, nondo, kebo, zege, na unapojenga mchezo unakata vipande moja kwa moja kutoka kwenye begi lako. Kwa hiyo stoo yake lazima iwe ya vipande, hana namna. Pili kule kuna ile mashine inaitwa AWESOME Sink, kontena likijaa ziada inaenda kusagwa na anapewa pointi za kuponi, manake belti yake haigandi hata siku moja. Na tangu toleo la 1.0 la Septemba 2024 ana Dimensional Depot, anapandisha vitu kule na anavitoa akiwa popote kwenye ramani, ghala lenyewe limekuwa kama pambo. Wewe Factorio ni kinyume, unajenga kwa vitu vilivyokwisha kutengenezwa, belti ni kitu, asembla ni kitu, nguzo ya umeme ni kitu, unakishika unakiweka chini. Na huna pa kusagia ziada, kwenye mchezo wa kawaida huna. Kwa hiyo ukinakili ghala lake unanakili dawa ya ugonjwa ambao huna.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu, na ukiishika hii mengine yanakuja yenyewe: sanduku ni la kitu ambacho wewe mwenyewe utakishika mkononi na kukiweka ardhini. Belti, belti za chini kwa chini, splita (za kugawa na kuunganisha belti), mikono, asembla, nguzo, mabomba, reli, tanuru, mashine za kuchimba, masanduku yenyewe, kuta, risasi. Vipande vya katikati, gia, waya, saketi, injini, hivyo havikai sandukuni, hivyo vinakaa kwenye belti. Na mtu asikwambie belti iliyosimama imejaa ni kasoro. Kila kigae kimoja cha belti kinabeba vitu 8, belti ya vigae 30 iliyosimama imejaa gia hizo ni gia 240 tayari, na ukizitoa mbele nyuma zinaanza kutengenezwa zenyewe, bila waya wala hesabu yoyote. Belti ikijaa mkono unasimama, mkono ukisimama asembla inajaa mdomoni na yenyewe inasimama, tanuru nayo inasimama, mpaka kule kwenye machimbo. Huo ndo ukomo wa bure ambao mchezo umekupa na wewe umeutoboa kwa kuweka sanduku mwishoni.

Wachezaji wanaita sehemu ya vitu vya kujengea moli, na ndo kitu utakachojenga badala ya ghala. Chukua belti mbili zinazokwenda sambamba. Ya kwanza upande mmoja pleti za chuma upande wa pili gia, ya pili saketi za kijani upande mmoja na stili (chuma kigumu) upande wa pili, au mawe, inategemea na unachotengeneza zaidi. Kushoto na kulia kwa hizo belti unapanga asembla, kila moja ina mkono wa kawaida unaochota belti ya karibu na mkono mrefu mwekundu unaoruka kuchota belti ya mbali, na nyuma ya kila asembla mkono mmoja unatoa unaweka kwenye sanduku moja. Sanduku moja kwa kitu kimoja, usije ukachanganya hata kama unaona nafasi inapotea, nafasi hailipiwi kodi.

Uzuri wake resipe nyingi za mwanzo zinazunguka kwenye vitu vile vile. Mkono wa njano ni saketi 1, gia 1, pleti 1. Asembla ya kwanza ni pleti 9, gia 5, saketi 3. Splita ni saketi 5, pleti 5 na belti 4. Umeona, hiyo splita inataka belti, na belti za chini kwa chini zinataka belti 5 na pleti 10 unapata 2, na belti nyekundu inataka belti ya njano 1 na gia 5. Usirudishe belti kwenye barabara kuu ya malighafi kwa ajili yao, weka tu asembla ya splita jirani na sanduku la belti za njano halafu mkono uchote moja kwa moja kutoka sandukuni uingize kwenye asembla. Sanduku la belti linakuwa katikati, mmoja anaweka, watatu wanachota, na wewe ukipita unachota pia. Ukiiona inavyotembea mara ya kwanza utacheka mwenyewe.

Sasa kadi. Fungua sanduku lolote, kuna kialama cha X nyekundu pale kwenye dirisha la sanduku, bonyeza, halafu chagua nafasi ngapi ziwe wazi, zilizobaki zinakuwa nyekundu na mkono hautaweka kitu humo tena. Wewe kwa mkono wako bado unaweza kuweka, ni mashine tu ndo zimezuiwa. Belti fungua nafasi 4, kwa kuwa belti zinakaa 100 kwa nafasi hapo unazo 400 za kudumu. Mikono inakaa 50, fungua 2. Mabomba 2. Nguzo 2. Reli kama unajenga reli fungua hata 10 usione huruma, zinaisha kama maji. Asembla, tanuru, mashine za kuchimba, splita, kila moja fungua nafasi moja tu. Na hii fanya KABLA hujawasha umeme kwenye hiyo asembla, ukisema utakuja kuweka baadaye hutaweka, nawajua watu.

Nafasi moja hata hivyo kuna vitu ni nyingi mno, hapo ndo X peke yake haitoshi. Mfano mzuri ni roboporti, vituo vya roboti, kwa sababu unakaribia kuzihitaji. Inakaa 10 kwa nafasi, ukifungua nafasi moja unafikiri umebana, kumbe moja inakula stili 45, gia 45 na saketi nyekundu 45. Kumi ni saketi nyekundu 450 na stili 450, stili moja ni pleti 5, kwa hiyo pleti 2,250 kwenye stili peke yake, na wewe ulitaka 3 tu za kuanzia. Rifainari ya mafuta nayo hivyo hivyo, stili 15 kila moja na huwa unajenga chache mno. Kwa vitu vya hivi tumia waya. Kama hujafanya utafiti wa mtandao wa saketi fanya, unataka sayansi nyekundu na kijani tu, na kwenye 2.0 waya zenyewe ni za bure hutengenezi tena kwa shaba kama zamani, unachukua nyekundu au kijani kwenye upau wa chini. Bonyeza sanduku, bonyeza mkono unaoweka kwenye hilo sanduku, ukiona uzi umening'inia kati yao imekubali. Fungua mkono, washa sharti, chagua picha ya roboporti, weka alama ya ndogo kuliko, andika 3. Basi. Zikiwa 2 mkono unafanya kazi, zikifika 3 unalala. Asembla itatengeneza kidogo zaidi na kukaa nazo mdomoni halafu nayo inasimama. Ukishafanya moja hivi nyingine ni sekunde chache, na ndo kadi ya stoo kabisa hiyo, imekamilika.

Waya wa shaba sasa. Saketi ya kijani inataka pleti 1 ya chuma na waya 3, na pleti moja ya shaba inatoa waya 2, kwa hiyo waya unachukua nafasi kubwa kuliko shaba uliyoanzia nayo, kuusafirisha kwenye belti ni kusafirisha hewa. Weka asembla ya waya ubavuni mwa asembla ya saketi, mkono mmoja kati yao, unatoka huku unaingia kule, haugusi belti wala sanduku. Uwiano ni asembla 3 za waya kwa 2 za saketi na zinatoshana sawa sawa. Yale masanduku ya waya uliyonayo utayatumia kama nitakavyokwambia hapa chini halafu usiyajenge tena.

Masanduku 50 uliyonayo usiyavunje kwa mkono ukaanza kubeba, begi litajaa kabla hujafika hata robo. Yafanye yajimalize yenyewe. Chukua yale 6 ya gia, geuza mikono itoe badala ya kuweka, unaelekeza kiashiria juu ya mkono unabonyeza R mara mbili, halafu itoe kwenye kibelti kidogo kinachokwenda mpaka pale belti ya gia ya moli inapoanzia. Pale wanapokutana weka splita, ifungue, upande ule unaotoka kwenye masanduku ya zamani uupe kipaumbele cha kuingia. Hapo moli itakula gia za zamani kwanza, na asembla yako ya gia itasimama yenyewe kwa kukosa nafasi mpaka akiba iishe, na pleti zote zilizokuwa zinaingia kule zinarudi kwenye sayansi. Yaani utaona mabadiliko muda huo huo, bonyeza P uangalie grafu ya matumizi ya chuma utaona gia zimeshuka. Saketi fanya vivyo hivyo. Waya elekeza kwenye asembla za saketi. Yale ya mchanganyiko ndo utakaa nayo mwenyewe, Ctrl na kubonyeza sanduku inakutolea vyote kwa mpigo, kaa navyo mfukoni mpaka roboti waje.

Kuna kitu utashawishika kukifanya hapo, kutupa vitu vyote mchanganyiko kwenye belti moja kisha ukapanga splita zenye chujio, gia huku, bomba kule, kama mashine ya kuchambua. Inapendeza kwenye video. Kwenye mchezo wako siku sanduku la mabomba likijaa bomba linalofuata litafika pale mbele litasimama, na nyuma yake foleni nzima itasimama, hata vile ambavyo masanduku yake ni matupu. Ukisema mwishoni niweke sanduku la ziada, litajaa na lenyewe, umeahirisha tu. Wenye Space Age wakienda sayari ya Fulgora ndo kweli wanalazimika kuchambua hivyo maana takataka za kule zinatoa vitu vingi kwa mkupuo, ila wao wana mashine ya kurejeleza inayokula ziada. Wewe huna, kwa hiyo achana nayo.

Na jingine, sanduku ulilolipachika katikati ya njia, kati ya tanuru na belti kuu labda, ukasema hii ni akiba ya dharura. Liondoe. Linakuficha ukweli. Siku madini yanapoanza kupungua hulioni tatizo kwa sababu sanduku linafidia taratibu, unaendelea kuongeza mashine, siku linapoisha kila kitu kinaanguka kwa pamoja na hujui pa kuanzia. Afadhali belti ionekane ina mapengo leo ukaenda kuchimba pengine.

Isipokuwa kwenye stesheni ya treni, na wewe wa Tabora sidhani kama reli nitakuelezea. Treni inaleta mzigo kwa mkupuo na belti inataka kidogo kidogo, hapo lazima kuwe na masanduku ya kupokelea. Behewa moja lina nafasi 40, ni madini 2,000 au pleti 4,000, na kila ubavu unaingia mikono 6, kwa hiyo masanduku 6 kila ubavu. Hata hapo weka X. Madini yanakaa 50 kwa nafasi, ukifungua nafasi 10 kila sanduku, masanduku 6 yanabeba 3,000, behewa moja linashuka lote na nafasi ya nusu behewa inabaki ya kungojea treni inayofuata. Ukiacha wazi yote utakaa na maelfu ya madini yamelala stesheni moja na stesheni ya pili inalia.

Sasa roboti, kwa kuwa umegusa bluu hili ndo litakalokuondolea kutafuta kabisa. Utafiti wa roboti za mizigo unakupa masanduku mawili, jekundu la kutolea na la njano la kuhifadhia, haya mengine ya bluu, kijani na zambarau yanakuja baadaye na sayansi ya njano, usiyafikirie sasa. Kwenye moli badilisha kila sanduku la kutolea liwe jekundu, usiondoe chochote kingine, X ifanye kazi ile ile na waya ile ile. Kisha kwenye begi lako mwenyewe unaandika maombi, belti zisipungue 200, mikono 50, nguzo 50, na ukiwa ndani ya eneo la roboporti wanakuletea. Eneo la mizigo la roboporti moja ni vigae 50 kwa 50, kwa hiyo moli iwe karibu na pale unapopita pita. Na vile vilivyozidi mfukoni unaviweka kwenye orodha ya takataka, wanakuja kuvichukua wanavipeleka kwenye masanduku ya njano.

Hayo ya njano ndo ghala lako, kama bado una hamu ya ghala. Weka machache jirani na moli, na yale ya vitu vinavyosumbua kama kuni, makaa, mawe, yape chujio kila moja na kitu chake, mengine yaache bila chujio. Roboti wakibeba kitu wanatafuta kwanza la njano lenye chujio la kitu hicho, halafu lenye kitu kama hicho tayari, halafu ndo tupu. Yaani wanapanga wenyewe. Na ukiomba belti wanaanza kuchota za kwenye njano kabla ya kugusa jekundu la moli, kwa hiyo belti ulizobomoa jana ndo unazojengea leo, moli haihangaiki kutengeneza mpya. Yale masanduku yako ya mchanganyiko yatakufia hapo. Siku ukipata la zambarau usije ukaliweka kwenye moli, lile linasukuma kila kinachoingia kwenda njano bila kusubiri kuombwa, utakuwa umerudi kule kule kwenye kujaza bila ukomo, safari hii kwa usafiri wa ndege.

Kuhusu kutafuta vitu kwa sasa kabla hujawa na roboti, bonyeza Alt. Nashangaa watu wanacheza miezi bila kuiwasha. Alt inaonyesha picha ya kilichomo juu ya kila sanduku na kila asembla inatengeneza nini, ukipita kwa mbali unaona. Kwenye ramani unaweza kubandika lebo yenye picha. Na ukishakuwa na roboti, L inakuonyesha mtandao mzima una nini na kiasi gani.

RAM 8 kwa hiyo hatua uliyopo haina shida, na masanduku yaliyokaa kimya hayaipi mashine mzigo wa maana, kinachokula nguvu ni vitu vinavyotembea, mikono inayochota muda wote, mabelti marefu, na wale wadudu adui wakiwa wengi. Kwa hiyo kuzima uzalishaji usio na kazi kutaisaidia hata laptop. Ila weka uhifadhi wa kujiendesha uwe wa dakika chache, betri ya laptop ikiwa imechoka na umeme ukakatika utapoteza kidogo tu.

Anza leo na X kwenye masanduku ya gia, yote 6, funga mpaka mwisho nafasi zote, hata kabla ya moli, hata kabla ya kugeuza mikono. Ni dakika moja na asembla ya gia itakuwa imesimama. Halafu moli ya belti, mikono na asembla tu, vitu vitatu, nyingine ongeza kadiri unavyozikosa. Ukikwama kwenye sharti la waya nitumie screenshot, iwe Alt imewashwa tafadhali, maana bila hiyo naona tu masanduku kama unavyoyaona wewe.